Maumivu ya mishipa ya fahamu si wazimu

Ndugu wakazi wa Omugo, leo tunazungumzia maumivu yasiyo na kidonda.

Mishipa ya fahamu hupeleka habari za mwili kwenye ubongo. Ikidhurika hupeleka habari za uongo: mguu unawaka moto, unachomwa sindano, au unapigwa kama na umeme. Chanzo chaweza kuwa kisukari, ukoma, UKIMWI, mkanda wa jeshi au risasi. Tangu makazi haya yafunguliwe mwaka 2017 tunaishi na watu walioletwa hapa na vita. Aliyekatwa mguu anaweza kuumwa na unyayo ambao haupo tena. Huyo hakurogwa. Ubongo wake bado unautafuta mguu.

Taabu kubwa ni usiku. Mchana kuna foleni ya posho, kuni, watoto. Usiku shuka ikigusa ngozi tu, usingizi umekwisha. Asiyelala wiki nzima hukasirika upesi, huacha kwenda kanisani au kwenye kikao, na majirani husema anajidai. Maumivu huleta huzuni, nayo huzuni huzidisha maumivu. Kwa hiyo ukifika kituo cha afya usiseme tu "mguu unauma". Mweleze mhudumu unalala namna gani, na kama umewahi kuwaza kwamba afadhali kufa. Hilo pia ni la kutibiwa, na lisingoje.

Panado mara nyingi haifui dafu hapa. Unaweza kupewa amitriptilini, kidonge cha usiku ambacho hutumiwa pia kwa wenye huzuni kubwa. Usikitupe ukidhani umeitwa mwendawazimu! Kinatuliza mishipa, ila huchukua wiki kadhaa, tena hukausha kinywa na kuleta usingizi. Usizidishe kipimo, na kifiche mbali na watoto, maana kwao ni hatari sana.

Unayetumia dawa za kifua kikuu, miguu ikianza kuwaka usiache dawa. Rudi kituoni, kwani vitamini B6 husaidia. Mwenye ganzi akague nyayo kila jioni, wala asizioteshe moto: ataungua bila kujua.

Nanyi mnaoishi na mgonjwa, msimwambie ajikaze. Mumuulize usiku ulikuwaje. Asiyeweza kutembea, mwiteni mhudumu wa afya wa kijiji aje nyumbani kwake.

Sasa tusikie maswali yenu.