Uso Unaowaka: Tupake Nini, Tuache Nini
Maneno kwa wamama siku ya kupima watoto

Wenye mimba na wenye kubeba watoto mukae kwenye benchi za mbele. Wakati tunangojea kipimo, tuzungumze kidogo. Leo hatutaongea juu ya malaria wala juu ya kuhara. Tutaongea juu ya ngozi ya uso na vitu tunavyopaka.

Labda mmoja wenu anawaza: "Uso ni mambo ya urembo, hospitali inatafuta nini pale?" Tuna sababu mbili. Ya kwanza, uso unaowaka kila siku ni ugonjwa, na uko na matunzo yake. Ya pili, kile mama anachopaka usoni kinafika kwa mtoto. Mtoto analala begani kwako, shavu lake kwenye shavu lako. Anashika uso wako, kisha anatia vidole kinywani.

Ngozi yenye hasira

Kuna watu wenye ngozi ya uso inayokasirika upesi. Wakiinama juu ya babula ya makala, wakitembea kwenye jua kali, wakinywa chai ya moto ao pombe, wakila pili-pili, ao wakiwa na mahangaiko, uso unawaka. Unachoma kwenye mashavu, pua, paji la uso na kidevu. Baadaye vipele vidogo vinatoka, vingine na usaha. Vinafanana na chunusi za vijana, lakini havina vile vichwa vyeusi, na mara nyingi vinaanza kwa mtu mzima. Waganga wanaita ugonjwa huu rozasea. Hauambukizi. Haukuletwa na uchafu, wala hukutumiwa na jirani.

Vitabu mingi vinasema: "Uso unakuwa mwekundu." Vitabu vile viliandikwa juu ya watu weupe. Kwetu wekundu unajificha chini ya rangi yetu, na hata muuguzi anaweza kukosa kuuona. Basi usitafute rangi tu. Uulize ngozi yenyewe. Je, inachoma ukitia sabuni? Je, imevimba? Weka mgongo wa mkono kwenye shavu: kuna joto? Je, macho yanawasha sawa yameingia mchanga? Kama macho yanauma, usikawie kuja, maana ugonjwa huu unaweza kuyaharibu.

Uso unaoharibiwa na tube

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kuna uso mwingine unaowaka hivi hivi, lakini haukuanza wenyewe. Ulianza na tube iliyonunuliwa sokoni.

Tuseme kuna mama mmoja. Mimba ilimwachia madoa meusi kwenye mashavu. Rafiki anamwambia: "Mama, nunua ile tube, siku chache tu utaona." Anapaka. Kweli, madoa yanapungua, uso unakuwa laini, watu wanamsifu. Anasema: "Dawa iko na nguvu!" Miezi inapita. Siku moja feza imekosa, anaacha kupaka. Baada ya siku chache uso unawaka, unavimba, vipele vinazunguka mdomo. Anasema: "Munaona? Bila dawa, ugonjwa unarudi." Anakopa feza, anapaka tena, uso unatulia. Mama huyu amefungwa.

Wamama, hapa tusikilize vizuri. Ndani ya tube mingi za namna ile kuna dawa ya jamaa ya kortizoni. Dawa ile inabana mishipa midogo ya damu, ndiyo sababu uvimbe na moto vinashuka upesi. Lakini kidogo kidogo inakondesha ngozi mpaka inakuwa nyepesi sawa ganda la ndani la kitunguu. Ukiiacha, mishipa inafunguka kupita mbele, na uso unawaka zaidi. Kwa hiyo kuwaka kule hakuonyeshi kwamba unaihitaji dawa. Kunaonyesha kwamba dawa imekwisha kukuumiza. Inazima moto asubuhi, na jioni inaleta kuni.

Kabla ya kununua, soma boksi. Kama hujui kusoma, mpe mtoto wa shule asome. Ukikuta moja la maneno haya, rudisha kitu kile kwa muuzaji: clobétasol, bétaméthasone, hydroquinone, mercure. Mawili ya kwanza ni dawa za kortizoni. Clobétasol ni katika zile zenye nguvu kupita zote. Munganga anaitoa kwa magonjwa fulani ya ngozi, kwa siku zilizohesabiwa, na si ya kupaka usoni kila siku. Hydroquinone inaondoa rangi, lakini kwa wengine ikikawia inaleta madoa meusi ya bluu yasiyotoka tena. Nchi za Ulaya zilikwisha kuikataza katika kreme za kung'arisha ngozi tangu mwaka wa 2001. Mercure ni sumu ya mafigo na ya mishipa ya fahamu. Katika mapatano ya Minamata ya mwaka wa 2013, mataifa yalikubaliana kwamba baada ya mwaka wa 2020 kreme za kung'arisha ngozi zenye sumu hiyo zisitengenezwe wala kuuzwa toka nchi moja mpaka ingine. Hata hivyo zingine zinapita kwa siri. Na kama boksi haina maneno yoyote, ao kreme imechanganywa na muuzaji mwenyewe ndani ya kopo, usiitumaini.

Na mtoto je?

Mercure inapita kwenye ngozi ya mama, inaingia katika damu, inaweza kumfikia mtoto tumboni na katika maziwa. Kortizoni yenye nguvu ikipakwa mwili mzima siku nyingi inaingia vilevile katika damu. Inaweza kuleta sukari na kupandisha tansio. Kama siku moja utapasuliwa ili mtoto atoke, ngozi iliyokonda inashonwa kwa shida, na kidonda kinakawia kupona.

Tena, musipake tube ya mama kwenye matako ya mtoto yaliyochubuka. Ngozi ya mtoto inakunywa dawa upesi. Mtoto anaweza kuvimba uso, mashavu yakawa makubwa, na watu wakasema: "Anakula vizuri!" Kumbe ni dawa, na nguvu yake ya kupigana na magonjwa imepungua.

Kama umekwisha kuzoea tube

Usijifiche. Weka tube ndani ya mfuko, uilete hapa, uionyeshe. Hakuna mtu atakayekucheka. Kama ulipaka mwili mzima kwa miezi, usiache wewe peke yako kwa siku moja, maana mwili unaweza kukosa nguvu kabisa. Munganga atakuonyesha namna ya kupunguza. Ujue mapema kwamba uso utawaka kwanza. Itaendelea wiki kadhaa, kwa wengine miezi. Wakati ule ndipo wamama wengi wanakimbilia tube tena. Vumilia, na urudi tukuone. Kuna dawa ya kupaka, metronidazole, inayosaidia vipele vya rozasea. Kuna vidonge pia, lakini doxycycline na tétracycline si vya mwenye mimba, wala si vya mtoto mdogo, maana vinaharibu meno ya mtoto. Usinunue vidonge hivyo wewe mwenyewe.

Na tukuombe neno moja: kama uko na doa usoni ao mwilini lisilosikia ukiligusa, njoo tulipime juu ya ukoma. Usilifunike na pudre.

Tupake nini basi?

Uso wenye hasira unapenda vitu vichache.

1. Nawa mara 2 kwa siku na maji ya vuguvugu, kwa vidole tu. Acha kusugua na kitambaa kigumu ao jiwe. Sabuni ya kufulia si ya uso. Tafuta sabuni isiyo kali na isiyo na marashi.

2. Kausha pole pole, kisha paka mafuta kidogo yasiyo na harufu. Vazelini nyeupe iliyo safi inafaa wengi, na bei yake si kubwa. Ukiona inaleta joto ao vipele, punguza ao badilisha.

3. Linda uso na jua. Mwavuli, kofia pana ao kitenge kichwani vinasaidia. Ukiwa na feza ya kununua kreme ya jua, tafuta yenye zinc ao titane, maana inachoma kidogo kuliko zingine.

4. Usipake ndimu, dawa ya meno, alkoli, wala mafuta yenye kanfre ao mantoli. Ukisikia baridi na kuchomwa, usiseme "inafanya kazi". Ngozi inalia.

5. Ukipika, usiinamishe uso juu ya babula. Kaa pembeni, na moshi upate njia ya kutoka.

Na kujipamba? Hatukatazi. Kuna siku ya ndoa, kuna siku ya sikukuu. Chagua pudre nyepesi isiyo na marashi, yenye rangi ya ngozi yako mwenyewe, si ya dada yako mweupe. Paka mafuta kwanza, pudre baadaye, kwa mkono mwepesi. Usiazime sponji wala kreyoni ya macho ya mwenzako. Fua sponji yako na sabuni, uikaushe. Jioni ondoa vyote kabla ya kulala. Na kila kitu kipya ukijaribu kwanza ndani ya mkono, karibu na kiwiko, mara 2 kwa siku kwa siku 7. Kama pale hapakuwaka, jaribu kidogo chini ya taya, ndipo uende usoni. Kitu kipya kimoja kwa wakati mmoja, ili ukijua kilichokuumiza.

Tumalize

Tuulizane kabla ya kipimo. Uso ukitulia kwa siku 3 tu na kurudi kuwaka ukiacha tube, nani mwenye kosa: uso ao tube? (Wamama wajibu.) Vizuri. Mtoto amechubuka matako: tunapaka tube ya mama? Hapana. Tube tumekwisha kuizoea: tunaificha? Hapana, tunaileta.

Mama, rangi uliyozaliwa nayo si ugonjwa, haiombi dawa. Kinachoomba dawa ni ule moto. Utuonyeshe uso wako bila kuufunika, na tube yako bila haya, nasi tutakusaidia.

Sasa tuanze kipimo. Mwenye ulizo la siri aningojee kwenye mlango, tutaongea sisi wawili.