'Hiari ya Kamishna' yaiponza Philadelphia

(Haya ni mazungumzo ya mwandishi wa kujitegemea mbele ya vijana wenzake, kama alivyoyaandika mwenyewe.)



Nimeombwa niseme juu ya dini, ubaguzi na sheria za kulea watoto. Sitahubiri. Nitasimulia kesi ya Marekani, kwa sababu ndani yake kuna ugonjwa tunaoujua vizuri: mkubwa kupewa ruhusa ya kuamua apendavyo.

Katika jiji la Philadelphia, mtoto anayeondolewa kwao kwa sababu ya kupigwa au kutelekezwa hupelekwa kwa walezi wa muda. Wakati wa kesi hii jiji lilikuwa na mikataba na mashirika zaidi ya 20, ambayo yalikuwa yakikagua nyumba za walezi na kuwapa cheti. Moja lilikuwa la Kanisa Katoliki.

Machi 2018 gazeti liliandika kwamba shirika hilo halitatoa cheti kwa watu wa jinsia moja waliooana, kwa kuwa kwa imani yake ndoa ni ya mume na mke. Hakuna wawili wa namna hiyo waliokuwa wamewahi kuomba kwao, na yalikuwapo mashirika mengine ya kuwapokea. Hata hivyo jiji liliacha kupeleka watoto huko, likidai kanuni ya kutobagua imevunjwa. Na mwezi huo huo jiji lilikuwa likitangaza kwamba linahitaji haraka walezi wapya 300!

Sharonell Fulton, aliyekwisha kulea watoto zaidi ya 40 katika miaka 25, akaenda mahakamani pamoja na wenzake. Mahakama za chini zililipa jiji ushindi. Juni 17, 2021, Mahakama Kuu ikageuza kibao: majaji 9 kwa 0.

Wengi hudhani majaji walisema dini iko juu ya sheria. Hapana. Jaji Mkuu John Roberts alikwenda kwenye kifungu cha 3.21 cha mkataba. Kifungu kinakataza kumkataa mlezi kwa ubaguzi, halafu kinaongeza kwamba Kamishna anaweza kutoa msamaha kwa hiari yake peke yake.

Hapo ndipo jiji lilipojifunga. Tangu 1990 mahakama hiyo inashikilia kwamba sheria inayowabana wote sawasawa inaweza kuibana hata dini. Lakini sheria yenye mlango wa nyuma, na ufunguo uko mfukoni mwa mkubwa, si sheria ya wote. Kama unaweza kumsamehe mwingine, toa sababu nzito ya kumnyima huyu. Jiji halikuwa nayo.

Sasa msishangilie haraka. Jimbo la Tennessee lilipitisha sheria mwaka 2020 inayoruhusu mashirika kukataa maombi yanayopingana na imani yao. Mwaka uliofuata mume na mke Wayahudi, waliotaka kuasili mtoto, wakakataliwa na shirika la Kikristo lenye mkataba na serikali ya jimbo. Kosa lao? Dini yao. Agosti 2023 mahakama ya rufaa ikasema wanayo haki ya kushtaki.

Mnaona, ndugu zangu? Uhuru ule ule uliomlinda Mkatoliki kule, umemfungia mlango Myahudi huku. Leo unapiga vigelegele, kesho wewe ndiye uko nje. Na anayeumia zaidi hana wakili: mtoto anayengoja pa kulala.

Mimi nasema, imani ipewe nafasi, lakini hadharani, kwa maandishi, na bila kumpunguzia mtoto nyumba. Inawezekana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 20, unataja kafala, yaani malezi ya Kiislamu ambayo mtoto hutunzwa bila kupoteza nasaba yake. Zanzibar iliiweka kafala katika Sheria ya Mtoto ya 2011, pamoja na kuasili. Kenya ikaiweka katika sheria yake ya 2022. Huo ni mlango ulioongezwa, si mlango uliofungwa.

Basi mkiletewa muswada wowote, usomeni mpaka mwisho. Mkikuta maneno "kwa hiari ya" Waziri au Kamishna, ulizeni: atamsamehe nani, atambana nani, na mtoto atalala wapi?