Nani Aliyeingiza Siasa?

Msikilizaji, simama barazani uulize kwa nini zahanati haina dawa. Mara nyingi utajibiwa: "Usituletee siasa hapa." Watu watatazama chini, na ajenda itasonga mbele. Dawa bado hakuna.

Profesa Wangari Maathai alikumbana na ukuta huo. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, na akina mama wakapanda miche vijijini. Mwaka 1989 akahoji mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani anayopumzikia Mnairobi asiye na hata kipande cha ua nyumbani kwake. Wabunge walimshambulia kwa maneno makali, na shirika lake likafukuzwa kwenye ofisi ya serikali. Hakurudi nyuma, na jumba lile halikujengwa.

Ukafuata msitu wa Karura. Vipande vya msitu huo wa umma vilikuwa vimegawiwa watu binafsi kimyakimya. Januari 1999 alifika na wenzake kupanda miche. Wakavamiwa na kupigwa, naye akapasuliwa kichwa. Alikwenda kituo cha polisi kuandikisha taarifa, akaitia sahihi kwa damu yake mwenyewe.

Je, ni mama huyo aliyeingiza siasa msituni? Hata kidogo. Siasa iliingia siku mtu alipogawa mali ya umma bila kuwauliza wenyewe. Wangari aliikuta humo, akaitoa hadharani ili kila mwananchi aione. Hiyo ndiyo kazi ya raia, na mara nyingi ndiyo inayoitwa uchochezi.

Wapo kweli wanaoingiza siasa pasipostahili. Mheshimiwa anayenyakua kipaza sauti matangani ili kuwatukana wapinzani wake mbele ya jeneza anastahili kukemewa. Lakini huyo anatafuta kura. Mama anayeuliza dawa ziko wapi anatafuta jibu, na hatuwezi kuwaweka wawili hao kapu moja.

Kwa hiyo ukiambiwa uache siasa, uliza tena kwa heshima: uamuzi huu ulifanywa na nani, kwa idhini ya nani, na anayefaidika ni nani? Usiketi mpaka ujibiwe. Karura ingali msitu leo kwa sababu waliouliza walikataa kuketi.