Mjane si mali ya ukoo

Kule Kampala, mitaa ya Katwe na Nsambya, wapo wajane wakimbizi kutoka Kongo wanaotembeza vitenge nyumba hadi nyumba, mtoto mgongoni. Mjane kijana akishasimama na biashara yake, moyo nao ukapata wa kumpenda, ndipo wakwe hukumbuka: “Mahari yetu ilitoka, utarithiwa na shemeji.”

Dada yangu, hapana. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 31, inataka ndoa iwe kwa hiari ya mwanamume na mwanamke. Haikusema raia peke yao.

Na huyo mchumba mpya? Muulize mapema: watoto wangu watalala wapi? Akisitasita, wewe endelea kuuza vitenge vyako.