Usiku wa Jiji na Mtu wa Mshahara

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa Wanafunzi wa Zamani, bwalo la shule, baada ya chakula cha mchana)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze, alinipendekezea kichwa cha habari "Matumizi Bora ya Muda wa Mapumziko". Ni kichwa kizuri na kinamfaa sana mtumishi wa serikali. Lakini kwa idhini yako, Ndugu Mwenyekiti, nimekipunguza. Nitazungumzia muda mmoja tu wa mapumziko, nao ni usiku, na mahali pamoja tu, napo ni Dar es Salaam, ambako wengi wetu tuliosoma hapa tumeishia na ambako wengi wa vijana hawa nao wataishia, wapende wasipende. Namwomba Mkuu wa Shule asinitazame hivyo. Sikuja kuwafundisha vijana ulevi. Usiku ninaousema mimi unaweza kuumaliza kwa soda moja, tena iliyokwisha kupoteza ubaridi.

Nimeamua kulisema jambo hili kwa sababu ya malalamiko ninayoyasikia kila tukutanapo wahitimu wa shule hii. Utasikia, "Aa, Dar hakuna raha, ni foleni na joto tu." Anayesema hivyo, ukimchunguza, huondoka ofisini jua likizama, hufunga vioo vya gari, hufika nyumbani akafunga geti, akakaa mbele ya televisheni mpaka usingizi umchukue. Amekaa miaka 20 katika jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ililihesabia watu zaidi ya milioni 5, na anaowajua ni wa ofisini kwake na wa kanisani au msikitini kwake. Mwingine yeye hutoka, lakini kwake raha ni hoteli kubwa ambako maji ya kunywa yana bei ya kuku. Huyo naye simhesabu kuwa ameuona usiku wa Dar es Salaam.

Tuanze na usiku wenyewe. Vijana wa jiografia mnajua kwamba kwetu, karibu na Ikweta, jua huteremka likiwa limenyooka, wala haliendi mshazari likikokota miguu kama katika nchi za kaskazini. Huko London mwezi Juni jua huzama baada ya saa 3 usiku, na mwanga ukaendelea kubaki angani. Dar es Salaam mwaka mzima jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni, na likishazama, giza huingia kama mtu aliyeitwa. Tofauti ya kufunga ofisi na usiku kamili ni kama nusu saa hivi. Katika nusu saa hiyo mji mmoja hufungwa na mwingine hufunguliwa mahali pale pale. Aliyekuwa anauza vitasa vya milango anashusha shata, na kwenye baraza yake hiyo hiyo mwingine anapanga meza ya pweza. Hakuna barua iliyoandikwa wala kikao kilichokaa. Mimi ambaye kazi yangu ni kuandaa vikao, jambo hilo hunishangaza kila siku.

Mtazameni huyo muuza pweza. Meza yake haizidi ukubwa wa dawati. Ana taa moja, kisu kimoja, bakuli la pilipili, kopo la njiti, na sufuria ya supu. Wateja wanamzunguka wamesimama: dereva wa bodaboda, mwalimu, mlinzi anayeingia zamu, na mtu mwenye tai ambaye angependa asionekane. Kila mmoja anachoma kipande kwa njiti yake, anachovya, anakula. Hakuna anayeandika. Mwishoni muuzaji anamwambia kila mtu deni lake bila kukosea, ingawa muda wote alikuwa anakata, anapokea na kubishana habari za Simba na Yanga. Hiyo ni hesabu ya kichwa ambayo wengi wetu tuliopita chuo kikuu hatuiwezi tena bila simu.

Jirani yake yupo wa chipsi. Hapa naomba kusema kidogo juu ya zege, yaani chipsi zilizomiminiwa mayai katika kikaango zikashikamana kama sakafu. Aliyelipa chakula hicho jina la zege aliona kitu ambacho sisi tunakula bila kukitazama: kokoto, saruji na maji, na fundi anayepindua kwa mkupuo mmoja. Mji unaotoa majina kama hayo bila hata kumlipa mshairi si mji wa kuulalamikia.

Halafu yuko mzee wa kahawa. Huyu humsikia kabla hujamwona, kwa kuwa hutembea akigonganisha vikombe vyake, na kila mmoja ana mlio wake. Birika lake limekaa juu ya makaa, anatembea na moto mkononi. Kahawa ni chungu, kashata ni tamu, na kile kikombe kidogo kimekusudiwa kiishe haraka ili uombe kingine na uendelee kukaa. Penye kahawa pana benchi, na penye benchi pana mazungumzo. Nawaambia watumishi wenzangu hasa: ukitaka kujua waraka wetu uliopita umewafikia wananchi kwa maana ipi, kaa kwenye benchi hilo robo saa, usijitambulishe. Utasikia taarifa ambayo haimo katika jalada lolote.

Sasa nije kwenye muziki, maana ndiko nilikokuwa nakwenda.

Vijana wa fizikia, nawauliza swali. Kwa nini muziki wa bendi ambao mchana hausikiki ukiwa mtaa wa pili, usiku unaufikia mtaa wa tano? Mtasema kwa sababu usiku kuna utulivu. Mtapata nusu ya maksi. Sauti hukimbia zaidi katika hewa yenye joto. Mchana, hewa iliyogusana na ardhi ndiyo yenye joto zaidi, kwa hiyo sauti hupinda kwenda juu ikatupita vichwani. Usiku ulio shwari ardhi hupoa, hewa ya chini nayo hupoa, na sauti hupinda ikarudi chini tulipo. Basi gitaa la solo lililopigwa mbali hukufikia umelala kitandani kwako, kwa sheria ile ile iliyoandikwa ubaoni katika chumba kile pale. Nikiisikia sauti hiyo huwa nainuka, navaa viatu, naifuata.

Ukifika, kaa usikilize jinsi wimbo wa dansi ulivyojengwa. Sehemu ya kwanza huenda taratibu, waimbaji wakikueleza kisa: mke na mume, deni, rafiki asiye mwaminifu, mgonjwa aliyetelekezwa. Watu hucheza wakiwa wameshikana, wanasikiliza maneno. Kisha waimbaji hunyamaza kidogo, magitaa yanashikana mikono, hili likiuliza na lile likijibu, matarumbeta yanaingia, na wimbo unageuka. Hapo ndipo wenyewe wanapopaita chemko. Utamwona mzee wa miaka 70 aliyekuja na mkongojo ameusahau kitini. Mimi nimemwona. Hakuna daktari aliyehusika.

Wadogo zangu huenda hamjui nani aliyelipia muziki huu. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi cha NUTA kilianzisha bendi, NUTA Jazz, ambayo ilibadilisha jina kila chama kilipobadilika, ikawa JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la teksi, halafu mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, na mtindo wake wa Sikinde ukabeba jina la ngoma ya Wazaramo. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz. Shirika la mabasi ya jiji lilikuwa na UDA Jazz. Shirika la Bima lilikuwa na BIMA Lee. Jeshi, Polisi na JKT, kila mmoja na bendi yake. Fikirini, ndugu zangu: mpiga besi alikuwa na kazi katika shirika kama karani, na gitaa lilikuwa mali ya mwajiri kama taipureta. Wapo wanaocheka mambo hayo leo. Mimi sicheki. Watu waliokuwa wanatafuta namna ya kuendesha nchi changa waliona kwamba mfanyakazi anahitaji bima, basi, kitambaa na dansi, wakaviweka vyote katika daftari moja.

Mashirika yale mengi yalipobadilishwa, kuuzwa au kufa katika miaka ya 1980 na 1990, bendi nyingi zilikufa nayo. Zilizobaki zinaishi kwa kiingilio cha mlangoni na kwa kualikwa katika sherehe. Mzee Muhidin Gurumo aliimba NUTA Jazz, akawa miongoni mwa walioianzisha Mlimani Park, akapitia Orchestra Safari Sound, kisha akarudi Msondo. Sauti yake ilikuwa majumbani mwetu sote kwa njia ya Radio Tanzania. Alipotangaza kustaafu mwaka 2013, aliyemzawadia gari alikuwa msanii kijana wa kizazi kipya, Diamond Platnumz. Kijana yule alifanya jambo la heshima, nami nampongeza. Lakini mwaka uliofuata Mzee Gurumo alifariki, na sisi wenye mishahara, ambao wazazi wetu walichumbiana kwa nyimbo zake, tulikuwa wapi?

Ukipanda daladala kupitia Sinza utasikia konda akiita, "Kwa Remmy! Kwa Remmy!" Abiria wanashuka wakiwa na mboga zao. Remmy Ongala alitoka Kongo akaingia Dar es Salaam mwaka 1978, akafariki mwaka 2010, na jiji halikumjengea sanamu. Lilimpa kituo cha basi. Kila siku jina lake linaitwa na watu ambao baadhi yao hawakuwahi kumsikia akiimba. Naona ni heshima kubwa kuliko sanamu, kwa kuwa sanamu haishushi mtu nyumbani.

Najua pingamizi zenu. Mmoja ataniambia usiku kuna wezi. Ni kweli, nenda na wenzako, rudi kwa njia yenye watu, simu kubwa iache nyumbani. Mwingine ataniambia mke wake hatakubali. Kaka yangu, nenda naye! Dansi lilitengenezwa kwa watu wawili, na huenda huyo anayekukatalia anasubiri miaka 15 aalikwe. Wa tatu ataniambia dini yake haimruhusu ukumbini. Huyo namheshimu, wala simsukumi. Benchi la kahawa lipo, na jioni asumini hufunguka kwenye uzio wa jirani bila kiingilio. Ila asiniambie kwamba usiku hauna kitu.

Ndugu Mwenyekiti, ukumbi mmoja wa dansi mtaani kwetu leo ni ghala la mabati. Nilipouliza kwa nini, mwenye nyumba alinijibu kwa adabu kabisa kwamba mabati hayahitaji watazamaji. Sina jibu la kumpa kwa maneno matupu, kwa hiyo nimekuja na hoja.

Kwa miaka kadhaa sasa sherehe yetu ya usiku imekuwa ikipigiwa muziki na mashine. Napendekeza kwamba mwakani tualike bendi ya dansi, yenye watu, magitaa na matarumbeta. Mjumbe wa Kamati amekwisha kuninong'oneza kwamba bendi ni ghali kuliko mashine. Ni kweli. Watu 12 hula kuliko mashine moja. Lakini tuko wengi humu ndani, na wengi wetu tumetoa mchango mkubwa zaidi kwa harusi ya mtu tusiyemjua.

Napendekeza pia waje mapema, saa 9 alasiri, wafunge vyombo vyao hapa bwaloni vijana wakitazama, na mpiga solo na mpiga besi wapewe dakika 40 za kuwaonyesha jinsi gitaa moja linavyouliza na jingine linavyojibu. Mwalimu wa fizikia nimezungumza naye, amekubali kuahirisha usafi wa maabara siku hiyo. Jina langu na kiasi changu vimo katika karatasi iliyo kwa Mtunza Hazina, mezani pale karibu na mlango, na kalamu ipo.

Ndugu Mwenyekiti, natoa hoja.