Somo la Leo: Mbwa Asiye na Manyoya

Wanafunzi wetu wa Kingolwira, fungueni madaftari.

Mkimwona mbwa hana manyoya, msiseme upesi, "Ndivyo alivyozaliwa." Ni kweli, wapo mbwa wa namna hiyo. Mmoja ni mbwa mdogo aitwaye Chinese Crested. Ana nywele kichwani, miguuni na mkiani tu. Mwili wake mwingine ni mtupu, na meno yake mara nyingi ni pungufu. Mwenyewe humkinga na jua kali na baridi.

Lakini mbwa wetu huzaliwa na manyoya. Yakinyonyoka, na mbwa akijikuna usiku na mchana, huo ni ugonjwa. Mara nyingi ni upele, uletwao na wadudu wasioonekana kwa macho. Huweza kuwawasha hata watoto wanaomshika.

Msimpake oili chafu. Huunguza ngozi, naye akijiramba humeza sumu. Mfungeni mbali na watoto, mwiteni Bwana Mifugo, au mpelekeni hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Dawa ipo, na manyoya huota tena.

Sasa andikeni jibu: Kwa nini oili chafu haifai?