Mhadhiri, Polisi na Mfano wa Darasani

Tarehe 12 Februari, 2011, mwalimu mmoja wa sayansi ya siasa katika Chancellor College, mjini Zomba, nchini Malawi, aliitwa na Mkuu wa Jeshi la Polisi wa nchi hiyo, Peter Mukhito. Mwalimu huyo ni Blessings Chinsinga. Hakutakiwa kueleza habari za wizi wala za silaha. Alitakiwa kueleza mfano alioutoa mbele ya wanafunzi wake.

Mfano wenyewe ulikuwa huu. Wakati ule wananchi wa Tunisia na wa Misri walikuwa wamesimama dhidi ya watawala wao. Nchini Malawi nako mafuta ya petroli na dizeli yalikuwa adimu, na fedha za kigeni zimepungua. Chinsinga, akifundisha jinsi dhiki ya uchumi inavyoweza kuzaa msukosuko wa siasa, aliyataja mambo hayo mawili pamoja. Maneno yale yalitoka darasani, yakafika polisi. Ni dhahiri basi kwamba miongoni mwa waliokaa kusikiliza somo alikuwamo aliyekwenda kwa kazi nyingine.

Walimu wenzake walilielewa jambo hilo mara moja. Waliona kwamba aliyeitwa ni mmoja, lakini walioonywa ni wote. Wakasusia madarasa, wakataka Mkuu wa Polisi aombe radhi na watoe wakubwa ahadi kwamba hapatakuwa tena na wapelelezi darasani. Rais wa Malawi wa wakati huo, Bingu wa Mutharika, ambaye kwa cheo chake alikuwa pia Mkuu wa Chuo Kikuu, alikataa. Alisema Mkuu wa Polisi hataomba radhi, akawaamuru walimu warudi kazini. Hawakurudi. Baadhi yao walipewa barua za kufukuzwa, wakiwamo Chinsinga mwenyewe na kiongozi wa chama chao, Jessie Kabwila-Kapasula. Chuo kikafungwa, na masomo ya vijana yakakwama kwa miezi mingi ya mwaka ule.

Kwa nini walimu wale walikuwa wagumu kiasi hicho? Jibu limo katika historia ya nchi yao. Chuo Kikuu cha Malawi kilianza kufundisha mwaka 1965, chini ya utawala wa Kamuzu Banda. Katika miaka ile kalamu ilikuwa kitu cha hatari. Mwezi Septemba, 1987, Jack Mapanje, mshairi na mkuu wa idara ya Kiingereza katika chuo hicho hicho cha Zomba, alikamatwa na kutiwa katika gereza la Mikuyu. Hakushtakiwa mahakamani. Hakuambiwa kosa lake. Alikaa humo mpaka mwezi Mei, 1991, yaani zaidi ya miaka mitatu na nusu. Waliobaki nje walijifunza kunong'ona.

Utawala wa chama kimoja ulipokwisha, Wamalawi waliandika Katiba mpya mwaka 1994. Katika kifungu cha 33 waliweka uhuru wa dhamiri, wa dini na wa fikra, kisha wakautaja kwa jina lake uhuru wa taaluma. Hawakuliweka neno hilo kwa pambo. Waliliweka kwa kuwa walikwisha kuona gharama ya kulikosa. Mwaliko wa polisi wa mwaka 2011 uligusa donda ambalo lilikuwa halijapona sawasawa.

Malawi si peke yake. Nchini Uganda, wakati wa Idi Amin, Makamu wa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Frank Kalimuzo, alichukuliwa mwaka 1972 na hakuonekana tena. Nchini Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini mwishoni mwa mwaka 1977. Alipotoka baada ya mwaka mmoja, nafasi yake ya kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi hakuipata tena. Mwaka 1982 wahadhiri wengine wa chuo hicho wakakamatwa. Kwa sababu ya mambo kama hayo, wanataaluma walikutana Dar es Salaam mwezi Aprili, 1990, na wengine wakakutana Kampala mwezi Novemba mwaka huo huo, wakatoa maazimio kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wasomi kwa jamii.

Neno wajibu halina budi kukumbukwa. Wapo wasemao kwamba serikali ina kazi ya kulinda usalama, na kwamba mwalimu akiachwa aseme apendavyo anaweza kuwasha moto ambao wengine watauzima kwa damu. Hoja hiyo haifai kudharauliwa. Msomi hakupewa jukwaa la darasa ili atukane watu, wala ili awagombanishe wananchi kwa kabila zao. Akivunja sheria, mahakama ipo. Akikosea katika hesabu au katika historia, wapo wasomi wenzake wa kumsahihisha, tena hadharani. Lakini kueleza sababu ya moto si kuwasha moto. Daktari atajaye ugonjwa hakumwambukiza mgonjwa.

Na yaliyofuata nchini Malawi yalithibitisha hivyo. Tarehe 20 Julai, 2011, wananchi walimiminika barabarani katika miji ya Blantyre, Lilongwe na Mzuzu kulalamikia uchumi na uongozi. Watu wasiopungua 18 walipoteza maisha. Siku hiyo madarasa ya Zomba yalikuwa na mgogoro, na mhadhiri hakuwa na kipindi. Waliotoka hawakufundishwa na Chinsinga. Walifundishwa na foleni ya mafuta. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kama mfano ule wa mwezi Februari ungalisikilizwa kama onyo la mtaalamu badala ya kupelekwa polisi kama shauri la jinai, huenda wakubwa wangalipata miezi mitano ya kutafuta dawa.

Mwishowe walimu walirudi darasani, na Chinsinga aliendelea kufundisha. Walirudi na kitu ambacho hakikuwamo katika hati za mishahara: haki ya kutoa mfano. Haki hiyo si mali ya maprofesa peke yao. Mkulima wa tumbaku anayetaka kujua kwa nini bei imeanguka, mama anayekosa dawa zahanati, hata waziri anayeandaa bajeti, wote wanahitaji mtu aliyesoma ambaye akiulizwa atasema alionalo, si lile analodhani linatakiwa. Taifa linalosomesha wataalamu kwa kodi ya maskini, kisha likawatisha wasiseme, limenunua taa na kuifunika kwa chungu. Gharama yake imelipwa, na giza limebaki pale pale.